Kuku wa Kukombolea Sauti

Kompyuta yangu ilikuwa na Windows, na Windows yenyewe ilikuwa na kila ugonjwa uliowahi kupita kwenye flashi za walimu wa Nachingwea. Nafundisha shule ya msingi Ruponda, na kila mwisho wa muhula mitihani ya wenzangu huchapwa kwangu. Nikiiwasha, nilikuwa na muda wa kuchota maji, kuchemsha chai na kuinywa ndipo ifunguke. Siku ya kupeleka mitihani ikaamua kujisasisha, asilimia moja moja, mwalimu mkuu amesimama mlangoni. Nilitukana mbele yake. Hapo ndipo nilipoapa kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Niseme mapema kwamba Linux haina kosa. Wala Windows, nikisema kweli. Kosa ni langu.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo tu watani, na kati yetu hakuna neno linalochukuliwa kwa uzito. Yeye huniita mwizi wa mihogo. Nami humwambia babu zangu walifanya kosa kumwacha bibi yake bila kumteka. Mumewe alipofariki, mimi ndiye niliyekalia jembe la kuchimbia kaburi nikagoma kuinuka mpaka nipewe kuku. Watu walicheka huku wakilia. Hata yeye alicheka, na ndiyo kazi ya mtani msibani.

Miezi michache kabla ya kufa, mzee alikuja kwangu na simu yake iliyopasuka kioo, akaniomba nimhifadhie sauti aliyojirekodi. Dakika kumi na moja za Kimwera: majina ya wazee wa ukoo, kwa ajili ya wajukuu walioko Dar es Salaam, wasije wakaoana na ndugu zao. Mwishoni kabisa anamwita mkewe, anamwambia kwamba mama huyo amemvumilia miaka mingi, na kwamba yeye mumewe analijua hilo. Basi. Kimwera changu ni cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa.

Simu ile ilikufa kabla ya mwenyewe. Mjane akawa anakuja jioni moja moja, anakaa kwenye mkeka barazani kwangu, naiwasha kompyuta, tunaisubiri pamoja. Alisikiliza akiwa amejifunika uso kwa kanga. Ikiisha husema, "Bado anaongea," kisha huaga.

Jumamosi ya kuhama, Linux nilikuwa nimeshaipakua mjini Nachingwea na kuitia kwenye flashi. Kwenye flashi nyingine nikahamishia vyangu: mitihani, maazimio ya kazi, picha za harusi ya dada yangu, hata filamu nilizokwisha kuziona mara mbili. Vyangu vyote nilivikumbuka. Programu ikauliza kama nifute diski nzima, ikauliza tena kama nina uhakika. Nikabonyeza kwa furaha. Baada ya nusu saa kompyuta iliwaka kabla sijamaliza kuvuta kiti, nikajipigia makofi.

Jumanne jirani akaja. "Mtani, leo nimemkumbuka mzee." Ndipo nilipokumbuka kwamba sauti yake sikuihamisha. Nikamwambia chaji imeisha.

Kesho yake alfajiri nilipanda bodaboda hadi Ruangwa kwa fundi ninayemwamini. Alihangaika nayo mchana kutwa, mwisho akafuta miwani yake.

"Mwalimu, ungeizima siku ile ile, tungejaribu. Umeshaandika vitu juu yake."

Vitu gani? Filamu. Siku zile zote nilikuwa narudisha filamu zangu.

Niliporudi nilimkuta uani kwake anapepeta ufuta. Nikapiga magoti.

"Mama, sauti ya mzee nimeifuta. Haipo tena."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Mngoni wewe! Lile jembe halikukutosha? Umeificha, unataka kuku mwingine!"

"Sitanii, mama. Naapa."

"Apa, apa tu. Wangoni na viapo!" Akamwita wifi yake aje aone mtani anavyolia machozi ya uongo.

Machozi yalikuwa ya kweli. Ningeweza kumleta imamu, au mwalimu mkuu, mtu yeyote asiye mtani wake, amweleze. Nililijua hilo pale pale, vumbi likiwa bado magotini. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona nafasi ya kuponyoka. Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Tangu siku hiyo kila nikikutana naye njiani hunitania kuhusu kuku wangu, nami humjibu kwamba namtaka mnono. Nimeshindwa kulala vizuri, lakini utani sijashindwa.

Wiki iliyopita wajukuu walifika kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya hitima ya babu yao. Asubuhi mjane akaja barazani kwangu, wajukuu wote wako nyuma yake, mmoja ameshika daftari na kalamu ya kuandikia majina. Mkononi alikuwa na mtetea aliyefungwa miguu, mnono kweli. Akamweka miguuni pangu.

"Haya, nimekomboa," akasema. Akaketi kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga. "Washa."

Nikaiwasha kompyuta, nikimwomba Mungu walau safari hii ichelewe. Ikawaka mara ile ile.