Nyasi za Hori

Harufu ya nyasi kavu zilizofungwa kwa ajili ya ng'ombe hunirudisha katika kanisa la shule yetu kule Kitui, msimu wa Majilio, mwaka ambao mvua ilikataa. Tulikuwa na desturi: mtoto akitenda jema, aliweka unyasi mmoja katika hori, ili Mtoto Yesu apate mahali laini pa kulala. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wameketi, hori lilikutwa tupu.

“Nani amekula kitanda cha Mtoto?” Sista, mwalimu wetu mkuu, aliuliza. Tulicheka, kisha tukaona kiboko mkononi mwake tukanyamaza.

Msichana wa darasa la tatu alisimama mbele ya wazazi wote.

“Ni mimi, Sista. Nilimpelekea ndama wetu. Alikuwa hawezi kusimama.”

“Na sasa?”

“Anasimama, lakini mpaka asukumwe.”

Sista aliweka kiboko chini. Hakumsifu wala hakutuhubiria. Aliagiza tu hori lisijazwe tena. Krismasi ile sanamu ya Mtoto ililazwa juu ya mbao tupu, nami niliyekuwa nimejisifia nyasi zangu kumi na moja nilipiga magoti mbele yake nikiona haya.