Nilijibu kwa Gitaa

Usinihurumie, na usinishauri niende nikaombewe, kwa sababu nimeshaombewa na wachungaji watatu. Nataka tu unisikilize mpaka mwisho. Haya ninayokusimulia yalitokea Jumamosi mchana, watu wakila chapati hatua tano kutoka nilipokaa. Sikuwa nimelewa. Miraa pia situmii, ingawa mimi ni Mmeru na najua hapo umeanza kuguna.

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Nchiru. Kibanda changu kimeshikana na cha dada yangu Karimi, ambaye huwauzia wanafunzi chapati na maharagwe. Tukifunga kazi, mimi nilikuwa nikipiga gitaa naye akiimba, na tuliitwa kwenye harusi nyingi za huku. Sijidanganyi, hawakuwa wakija kunisikia mimi. Karimi akifungua mdomo, hata wazee waliokuwa wakigombania nyama walinyamaza.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitamani fazi. Ni kisanduku unachokikanyaga kwa mguu, gitaa likaanza kunguruma kama kinu cha posho. Za dukani sikuziweza, nikaamua kuunda yangu. Mchoro wenyewe si mgumu: transista mbili, kapasita chache, rezista, na betri ya volti tisa. Taabu ni kwamba vipande vikubwa vyenye miguu mirefu havipatikani huku. Vilivyojaa kibandani kwangu ni vile vya kubandikwa juu ya ubao, vidogo kama punje ya wimbi. Unakishika kimoja kwa kikoleo, unazuia pumzi, unakigusa kwa solda. Ukipiga chafya, mmeagana. Kuna kapasita niliyoitafuta sakafuni nusu saa nzima, kumbe ilikuwa imeninata shavuni. Karimi alicheka mpaka akaunguza chapati.

Vipande hivyo nilivitoa kwenye vifaa vilivyoachwa. Mafundi wengi tuna sheria hii: kitu kikikaa miezi mitatu bila mwenyewe kukijia, kimekuwa spea. Na pale kwenye rafu kulikuwa na kiredio cha memori kadi kilichokuwa kimekaa miezi mitano. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kiredio kile hakikuletwa kutengenezwa.

Kililetwa na mama mmoja wa makamo kutoka Kianjokoma, kule Embu. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa, mafundo matatu.

"Fundi, hii sitaki uitengeneze," aliniambia. "Nataka ikae tu hapa kwako vile imefungwa. Usiifungue."

"Kwani iko na shida gani, mami?"

"Inaimba ikiwa imezimwa. Hata nikitoa betri inaimba. Wacha ikae mbali na nyumbani nipumue kidogo."

Nikamwambia sawa mami, nikakipandisha juu ya rafu. Alipoondoka nilicheka. Wewe ungefanya nini? Fundi akianza kuamini kila anachoambiwa na wateja, atafunga kibanda.

Basi Jumamosi ile nilifungua mafundo yale, nikaupiga ubao wake hewa moto kwa bloa, na transista mbili zikang'oka vizuri kabisa. Zilikuwa na maandishi J3Y mgongoni, za kawaida sana. Nikazibandika kwenye ubao wangu, nikaufunga ndani ya kisanduku cha chuma cha swichi za umeme. Nje mvua ilikuwa ikinyesha na stima ilikuwa imepotea nilipomaliza tu kubandika, lakini spika yangu ni ya kuchaji. Nikachomeka gitaa. Nikakanyaga.

Ilinguruma! Niamini, nilipiga kelele kwa furaha.

"We! Hiyo posho mill yako itanifukuzia makastoma!" Karimi akaniambia kutoka ng'ambo ya mabati. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka mdomoni mwake.

Nikatuliza nyuzi. Ndani ya ule mngurumo kukasikika sauti ya mwanamke akiimba. Sikuogopa. Fundi yeyote atakwambia fazi hunasa stesheni za redio, hasa ukiijenga bila kuikinga vizuri. Aliimba mstari mmoja, kisha akanyamaza.

Sasa uelewe jambo moja. Kwenye benga, muziki wetu wa gitaa, mwimbaji akimaliza mstari, gitaa humjibu. Hulifikirii, linatoka lenyewe kama amina kanisani. Cucu, nyanya yetu, alituonya tangu utotoni kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike, na mdomo wangu haungethubutu. Lakini ni nani aliyewahi kuvionya vidole? Vilijibu kabla sijajua.

Sauti ikaimba mstari wa pili, karibu zaidi, kama mtu aliyeinamia spika. Nikajibu tena. Nilitaka kuacha. Nakuapia nilitaka kuacha, na mkono ukakataa kunisikia. Nikang'oa betri kwa mkono wa kulia, lakini wa kushoto ukaendelea kutembea juu ya nyuzi, na spika ikaendelea kuimba.

Mstari wa tatu niliujua. Ulikuwa wimbo ambao Karimi alikuwa akiutunga jikoni, haujawahi kutoka nje ya nyumba yetu. Na sauti haikuwa tena ya yule mwanamke. Ilikuwa ya Karimi. Mkono wangu ukaujibu hadi noti ya mwisho, kisha kila kitu kikanyamaza.

Nilimwita. Alikuja mbio, unga mikononi, mdomo wazi. Koo lilikuwa likicheza na hakuna kilichotoka, hata pumzi yenye mlio. Alijishika shingo. Halafu akaandika kwa kidole kwenye unga uliokuwa umemwagikia aproni yake: SAUTI.

Tukiwa tumesimama hivyo, mama wa Kianjokoma akaingia, amelowa chapachapa. Alisema moyo ulimkataza kuniachia mzigo wake, amekuja kuuchukua. Kisha akaona kitambaa kimefunguliwa.

"Uliijibu?" akauliza.

"Kwa gitaa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Alikaa chini kwenye kreti ya soda. Akatuambia msichana wake, Wawira, aliitikia mara moja tu, akiwa anafua, akidhani ni redio ya jirani. Huu ulikuwa mwaka wa pili hajatamka neno. Akamtazama Karimi.

"Na hii gitaa yako kila siku hujibu sauti ya nani?"

Hapo simu yake ikalia. Aliipokea, na sote tulisikia. "Mami? Mami, niko na sauti!" Ilikuwa sauti ile ile ya mstari wa kwanza. Yule mama alilia kwa furaha, akarukaruka pale ndani, kisha macho yake yakakutana na ya dada yangu na furaha ikamkatika usoni. Alimkumbatia Karimi, akamwomba msamaha kwa Kiembu, akakimbia kwenye mvua. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Wewe ungekaa?

Daktari ameangalia koo la Karimi, anasema ni zima. Nilizirudisha zile transista kwenye kiredio, hakikufanya kitu. Nikazibandika tena kwenye ubao wangu. Siku moja niliinua nyundo nimalize ubishi, na kabla sijaishusha nikasikia Karimi akiguna kile kiwimbo chake mle ndani ya kisanduku cha chuma, polepole, kama anayejiliwaza. Unavunjaje kitu kama hicho? Niliiweka nyundo chini, nikalia kama mtoto.

Harusi tuliacha. Karimi bado anakanda unga, wanafunzi wakiuliza bei, huwajibu kwa vidole. Hajanilaumu hata kwa kuandika.

Lakini mama yetu si Karimi. Anajua hesabu ya jambo hili kama ninavyoijua: Wawira alipata sauti yake pale mtu mwingine alipojibu. Kila asubuhi akiniletea chai ananiuliza, kwa upole kabisa, kama bado najuana na wale wapiga gitaa wa Embu tuliokutana nao harusini. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi nakunywa chai tu. Juzi nilimpigia simu mmoja wao, nikamuuliza hali, nikakata.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayepiga gitaa. Fundi akikukaribisha kibandani, akakupa kisanduku cha chuma ukijaribu, akasema amekiunda mwenyewe, kiache hapo hapo mezani na uende zako. Hata akikusihi. Hata ukimwona analia. Mimi naweza kukusihi sana.