Jeti ya Viti Viwili na Ugomvi wa Nani Akae Mbele

Wenzangu mliokulia zama zile matrekta ya karanga yanang'oa misitu Nachingwea, naomba mniunge mkono, maana wajukuu zangu wananiita muongo. Nikiwaambia trekta likinguruma kule, huku kwetu kuku wanataga kabla ya siku zao, wanacheka. Nikiwaambia tulikula karanga asubuhi, mchana karanga, usiku tunaota karanga, wanacheka tena. Lakini kinachowavunja mbavu hasa ni pale ninaposema kwamba mimi babu yao, ambaye simu naishika kama nimeshika nge, niliwahi kutengeneza ndege ya jeti. Tena siyo jeti hivihivi. Jeti ya viti viwili.

Ilikuja hivi. Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa karanga. Bwana yule alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu, na siku walipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, mtoto aliacha boksi chini ya kitanda. Baba akaambiwa alichukue au alitupe. Alikuja nalo kichwani, taratibu, kama amebeba mayai ya kanga. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya kuunga, vya mti mwepesi kuliko bua la mtama. Ukipiga chafya unavitafuta kwa jirani. Na karatasi ya maelekezo ilikuwemo, lakini nani asome? Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na mbuzi. Tukafuata picha ya kwenye boksi.

Nasema tukafuata, maana nilikuwa na Hashimu. Hashimu ni mtoto wa mjomba wangu, kaka wa mama, kwa hiyo ni binamu yangu na mtani wangu. Kwetu mtani anaweza kukuvua kofia mbele za watu ukacheka, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Mjomba alikuwa dereva wa trekta, tunakaa nyumba za kupakana, na mimi na Hashimu tulikula sahani moja mpaka mama akawa anatuchanganya majina.

Tulipomaliza kuiunga, Hashimu akaizunguka akitikisa kichwa.

"Issa, hii mbovu. Haina pangaboi."

Kweli haikuwa nalo. Ndege zote tulizoziona pale uwanjani zilikuwa na pangaboi mbele. Tukasema mzungu wa watu kaibiwa dukani. Nilikuwa nimeshaanza kuchonga pangaboi la mti wa msufi, kubwa kuliko ndege yenyewe, baba alipotuambia kwamba hiyo ni jeti, inasukumwa na moto wa nyuma. Hashimu akasema, "Kama baba yako akila mizizi ya ming'oko mibichi." Baba alimfukuza na mwiko hadi uani. Ila utani ni utani, baba alirudi akicheka.

Sasa taabu ikaja kwenye kiti. Kilikuwa kimoja, na marubani tulikuwa wawili. Leo narusha mimi, kesho anasema jana haikuhesabiwa kwa sababu ya upepo. Tuligombana mpaka mama akatishia kuipikia maharage. Baba ndiye aliyesema kwamba bwana wake aliwahi kumsimulia: jeti za kujifunzia zina viti viwili, mwalimu na mwanafunzi wanapanda pamoja. Tukaangaliana. Dawa imepatikana.

Na dawa ilihitajika upesi, maana habari zilikuwa zimeshaenea. Karanga zilikuwa zinashindwa, matrekta yanasimama moja moja, na mjomba alikuwa ameambiwa kazi imekwisha. Angerudi kulima kwao Mbekenyera, huko Ruangwa, na Hashimu angekwenda naye. Hakuna mtu aliyetuuliza. Sisi tulichojua ni kwamba ndege ya kiti kimoja ina mwenyewe mmoja, na mmoja akiwa mwenyewe, mwingine si kitu. Ya viti viwili hata ikilala kwangu, na yeye kiti chake kimo. Hatukusema hivyo kwa mdomo. Tulisema tu, "Lete kisu."

Jamani, kuigeuza ndege si kazi ya kitoto. Tuliikata katikati, nyuma ya kiti, mimi nimefumba macho. Tukachonga kipande cha msufi, tukakipachika pale katikati ili mwili urefuke. Gundi tulikwangua utomvu wa mkorosho, ule unaoganda shinani, tukauloweka ukawa unanata. Siku moja vidole vyangu viliganda kwenye ndege, nikala ugali kwa mkono wa kushoto, na mama alinichapa kwa kosa la mkono wa kushoto bila kuuliza habari za gundi. Kulainisha tulisugua na majani ya msasa mpaka Hashimu akasema tukiendelea tutatokea upande wa pili.

Kioo cha kumfunika rubani ndicho kilichotutoa jasho. Cha kwanza kilikuja na boksi, cha pili hatukuwa nacho. Nikatoa akili yangu ya ajabu: kibofu cha mbuzi. Ukikipuliza, ukakikausha juani, kinang'aa unaona hadi ng'ambo. Ikaja Idi, tukakiomba kwa wachinjaji, nikakipuliza mimi kwa mdomo wangu huu, sitaki kukumbuka ladha yake. Kikakauka vizuri, tukakikata nusu, tukakibandika. Asubuhi tukakuta paka anajilamba. Amekula kioo cha jeti! Hashimu alilala chini kwa kucheka, akisema paka sasa ataanza kupaa. Ikabidi tungoje hitima ya mtu ili mbuzi mwingine achinjwe, na nakiri kuna mzee mmoja alikuwa anakohoa pale mtaani, nilikuwa nikimwangalia kwa matumaini. Mzee akapona, akatuzika wengi. Mbuzi alikuja kuchinjwa kwa harusi, na safari hii kioo kililala ndani ya chungu, kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko.

Marubani tuliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu. Wangu alikuwa na kichwa kikubwa, maana nilitaka sura yangu itoshee yote. Wa Hashimu alikuwa mfupi mnene, mfano wa kinu. Tulipotaka kuwaketisha, vita ikaanza upya. Nani anakaa mbele? Mbele ndiko kwenye usukani, ndiko kwenye ukubwa! Mimi nasema mbele ni pangu, boksi lililetwa na baba yangu. Yeye anasema mbele ni pake, yeye ndiye mkubwa. Hapo kwenye ukubwa hapana aliyekuwa na uhakika, tukaenda kwa Bibi Somoe, mama yake mama yangu, ambaye pia ni mama yake mjomba. Tulimkuta anachambua ufuta, pua imejaa ugoro.

"Bibi, kati yetu nani mkubwa?"

"Mlizaliwa mwaka mmoja, wa nzige," akasema. "Mmoja nzige wakiingia, mwingine nzige wakitoka. Nani wa kuingia na nani wa kutoka, kawaulizeni nzige."

"Sasa kwenye ndege nani akae mbele?"

Akapiga chafya. "Waume zangu, tukitoka kisimani, mbele anatembea nani?"

"Sisi."

"Na mimi?"

"Nyuma."

Hakuhitaji kueleza. Nyinyi wenzangu mnajua njia zetu zilivyokuwa. Simba wa huku alikuwa anamchukua wa mwisho, kwa hiyo mtoto anatangulizwa, mkubwa anafunga njia.

"Basi," bibi akasema, "mbele ni pa mtoto. Mkubwa anakaa nyuma anaangalia visogo. Aliyetengeneza hiyo ndege kama ana akili, mwalimu kamweka nyuma."

Miaka mingi baadaye nilikuja kuambiwa kwamba jeti nyingi za kujifunzia ndivyo zilivyo kweli, na bibi yangu hata baiskeli alikuwa hajapanda. Lakini siku ile hatukushangaa. Tuligeuka tu. Kabla hatujafika mlangoni, kila mmoja alikuwa anataka nyuma!

"Wewe kaa mbele, boksi la baba yako."

"Kaa wewe, si ulisema mkubwa?"

Bibi akatupa ndoo mbili. "Nendeni kisimani. Mtakaporudi, atakayefunga njia ndiye mkubwa. Mimi nina ufuta wangu."

Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Jua limekaa kwenye miti, ndoo kichwani, na mimi nikasimama ili Hashimu apite. Hashimu naye kasimama ili nipite mimi. "Tangulia." "Tangulia wewe." Nikarudi nyuma kidogo. Naye akarudi nyuma yangu. Nikarudi nyuma yake. Wallahi, tulitembea kinyumenyume mpaka tukajikuta tumerudi kisimani! Tukaanza upya. Safari hii tukasimama katikati ya njia kama vigingi, shingo zimeingia mabegani, giza linakuja, hakuna anayetoa mguu. Nikamwambia, "Mimi nitalala hapahapa." Akaniambia, "Nitakutandikia."

Hapo kichaka kikafanya chakacha.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kufika. Bibi alikuwa akisema alisikia upepo, akageuka, nikawa nimeshasimama jikoni, kata ya kubebea ndoo ipo kichwani, ndoo haipo. Mbwa wa jirani, aliyekuwa bingwa wa mbio, alihama mtaa kwa aibu. Baada ya muda akaja Hashimu, taratibu, ndoo yake imejaa, na yangu ameishika mkononi. Nyuma yake kulikuwa na kanga mmoja anadonoadonoa. Huyo ndiye simba wangu.

Hashimu hakucheka. Alitua ndoo, akamchukua rubani wangu mwenye kichwa, akamkalisha mbele.

"Tulia hapo mwanangu," akasema. "Baba yuko nyuma."

Siku ya kuhama lori lilikuja asubuhi. Mjomba anapakia magunia, mama analia kwa siri huku akimgombeza kila mtu, tenga la kuku limefungwa juu kabisa. Tangu iwe ya viti viwili tulikuwa hatujairusha hata mara moja, tukiogopa kuivunja. Hashimu akasema, "Leo au basi." Tukapanda lile rundo la visiki vilivyong'olewa na matrekta, yeye akashika ndege, mimi nikavuta mpira wa tairi kama manati. Ikaenda! Mimi nasema ilipita juu ya lori, ikaelekea Marambo, ikabadili mawazo ikarudi. Hashimu anasema ilifika kwenye choo cha mjomba. Tunachokubaliana ni kwamba rubani wa nyuma alikuwa mzito kama bibi yake, mkia ukashuka, pua ikatazama juu kama inaomba dua, halafu ikaanguka kwenye tenga. Kuku walipiga kelele Ruangwa yote ikasikia. Jeti ikavunjika palepale tulipounga.

Mjomba tayari anapiga honi. Hashimu alizishika zile nusu mbili, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema boksi ni la baba. Nikakinga mikono tu. Akanipa pua, na mwenye kichwa bado kakaa ndani. Mkia akauweka kifuani, ndani ya shati, akapanda lori, akakaa nyuma kabisa juu ya magunia, akanitazama mpaka vumbi likala kila kitu.

Leo wajukuu zangu wanarusha ndege kwenye simu. Zinaruka hadi Marekani, hazivunjiki, na kila mtoto anarusha yake, amekaa pembe yake, hataki hata kusalimiwa. Chaji ikiisha wanalia kuliko tulivyolia sisi kwa simba. Nikiwaonyesha pua yangu ya ndege, mchwa wameila ikabaki kama kokwa ya embe, wananiuliza, "Babu, ilikuwa ya bei gani?"

Hashimu yupo hai, mbishi vilevile. Kila Idi anakuja kutoka Mbekenyera kwa bodaboda, amemkumbatia kijana wa watu kiunoni, amefumba macho. Akishuka tu ananiuliza kama nimeshajifunza kuruka. Tukienda msikitini, njia ni pana, watu wanne wanapita sambamba, na simba siku hizi utamwona labda kwenye noti ya elfu mbili. Vijana wanatupita mbiombio, kila mmoja anataka kuwa wa mbele. Hashimu yeye anasimama, anaegemea fimbo, ananingoja nipite.

"Tangulia, mwanafunzi."

Na mimi, mzee mzima mwenye vitukuu, natangulia. Nasikia fimbo yake, ko, ko, nyuma yangu, na sigeuki.