Kompyuta ya Mgongoni

Kompyuta ya kwanza waliipora jioni, kwenye kile kipande cha njia kisicho na nyumba, nikitoka kituoni kwenda kwangu Nzuguni. Pikipiki ilipita, mkoba ukaenda nayo. Mle ndani kulikuwa na mahojiano ya watafiti, maana kazi yangu ni hiyo: nasikiliza sauti za watu zilizorekodiwa, nazichapa. Bosi wangu alinivumilia. Ikipotea nyingine, alisema, atatafuta mtu anayekaa karibu na lami.

Kwa hiyo siku niliyoingia dukani mjini kununua nyingine, woga ndio uliokuwa unachagua. Muuzaji aliniwekea mbili mezani. Kwenye ile kubwa vidole vyangu vilikimbia vyenyewe. Kwenye ile ndogo vitufe vilibanana, kila neno likatoka na kilema, na nikalazimika kukunja uso ili nisome.

"Mama, chukua kubwa," muuzaji alisema. "Hii ndogo ni ya mtu wa kusoma barua pepe tu. Kwa kazi yako utajitesa."

Nilitoa khanga, nikaifunga ile kubwa mgongoni pale pale dukani. Pembe zikachomoza. Ile ndogo ilitulia kama mtoto mchanga aliyelala. Muuzaji alicheka mpaka akakaa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikachukua ndogo.

Na kweli nilijitesa. Nilichapa polepole, macho yakiuma, nikimlaani muuzaji kwa kuwa alisema kweli. Lakini kila jioni nilipita njia ile na mtoto wangu mgongoni, na vijana wenye pikipiki pale kwenye kona walinipisha. Nani ahangaike na mwanamke aliyebeba mtoto? Hata hivyo sikupunguza mwendo mpaka nilipofunga mlango.

Jioni moja bibi anayeuza mboga kwenye kona ile alinisimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kila siku unanipitisha mjukuu wangu hapa, sijamwona hata uso."

Mkono wake ulifika mgongoni kwangu kabla sijageuka. Ukagusa kitu kigumu, ukatulia hapo. Kompyuta ilikuwa bado na joto la kazi. Vijana walikuwa karibu, wametugeukia wote, na nilijua akitamka neno moja tu, kazi yangu imekwisha.

"Huyu ana homa," bibi alisema kwa sauti ya kuwafikia. "Muwahishe nyumbani."

Kisha akajifanya ananikazia khanga, akaninong'oneza: "Tafuta njia nyingine, mwanangu. Wameanza kuulizana mbona halii."

Nikaondoka. Sikuthubutu kuangalia nyuma. Pikipiki moja ikawashwa. Nilipitisha mkono mgongoni, nikaanza kupigapiga lile bati gumu na kulibembeleza kwa sauti: nyamaza mama, nyamaza, tunafika.