Mizizi ya Mchina na Mchi wa Baba

Harufu ilinikuta uani kwangu hapa Chuno, nimekaa namenya korosho kwa kisu. Harufu ya mizizi inayochemka: udongo uliolowa, uchungu, na utamu wa mbali kama mua ulioungua. Mwili uliijua kabla yangu. Nikanyanyuka na kisu changu mpaka jikoni. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, ameshika pakiti ya maandishi ya Kichina.

"Bibi, usinichinje, ni dawa tu," akasema huku anacheka. "Inakinga saratani."

"Umepimwa?"

"Si nimekwambia ni kinga? Anayepimwa ni mgonjwa."

Nikazima jiko. Akanuna, akaondoka. Basi nawaambia ninyi kile ambacho yeye hakukaa kukisikia.

Tulikuwa tunaishi Ziwani, nami nilikuwa mtoto wa kubebeshwa wadogo zangu mgongoni. Bibi mzaa mama alikufa kwa uvimbe wa titi, na dada yake mama vilevile. Siku hizo hatukusema saratani. Tulisema jipu lisiloiva. Wakaja madaktari wa Kichina zahanati ya mbali, mama akaenda kwa miguu, mimi nyuma yake. Daktari alikuwa mwembamba, ana miwani, mikono inanukia sabuni. Mkalimani wao akatoa masharti pamoja na furushi la mizizi na magome: ichemshwe kwa chungu cha udongo, moto wa taratibu, mbali na chakula, mtu mwingine asionje.

Mtu wa kwetu akisikia masharti hayo anajua mama alikuwa anabeba nini. Mwanamke anayechemsha mizizi pembeni, kwenye chungu cha peke yake, na kufukuza watoto wasionje, huyo anampikia mumewe sumu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kujua. Lakini mama alifuata sharti kwa sharti. Akateleka chungu nyuma ya choo, akanikanya nisisogee.

"Ni ya kukinga," akaniambia. "Nisife kama mama."

Kisha baba akaharisha. Alikuwa ameshinda kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, na walevi wote wa kijiji wiki ile walikuwa wanapishana vichakani wameshika suruali. Uraka hakuna aliyeushitaki. Shangazi Somoe, dada yake baba, ndiye aliyekwenda chooni akanusa. Akarudi na chungu kinafuka, amekishika kwa upindo wa khanga, anapiga yowe: "Kaka, kifo chako hiki hapa! Umeoa fisi wewe!"

Baba hakuuliza. Mama alikuwa anatwanga. Baba akampokonya mchi. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikasikia mfupa ukialika kama kuni kavu. La pili mdomoni. Meno mawili yakadondokea kwenye unga wa muhogo, damu ikafuata. Nilimng'ata baba mguu, akanirusha kwa teke nikaangukia banda la kuku. Majirani walijaa uwanja mzima. Hakuna aliyemshika mkono.

"Ya Mchina," mama akasema kwa mdomo uliopasuka. "Ya hospitali."

"Kama si sumu, inywe!" akasema shangazi. "Yote. Tukuone."

Zamani za mababu palikuwa na mwavi: mtuhumiwa ananyweshwa sumu, akiitapika ameshinda, akifa alikuwa mchawi. Wakoloni waliupiga marufuku, lakini vichwani haukutoka. Shangazi na majirani wakamshika mama nywele, wakamfungua taya, wakammiminia chungu kizima, dawa ingali ya moto. Ngozi ya kidevu ikachunika kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Akatapika maji meusi na damu. Hakufa.

Watu wakatawanyika kama waliotoka kwenye ngoma isiyonoga. Baba akatupa mizizi iliyobaki chooni. Shangazi akachota unga ule ambao haukuingia damu, akaenda nao kwake, eti chakula hakitupwi.

Zahanati mama hakuikanyaga tena. Miaka ikapita, akakonda, tukasema malaria. Alipofariki nilikuwa nimeshatoka unyagoni, kwa hiyo niliitwa kumwosha pamoja na watu wazima. Mama mdogo alipofunua khanga alirudi nyuma. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe, limejivuta ndani, na uvimbe mwingine umepanda kwapani.

"Kumbe alikuwa anaumwa," akasema shangazi Somoe, kata ya maji mkononi. "Mbona hakusema?"

Mama mdogo akampokonya kata akampasua nayo paji la uso. Damu ilitiririka mbele ya maiti, na hatukuwaamulia.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Mtu hatembei kutwa juani kwa ajili ya kinga tu. Mama alikuwa ameshajipapasa, ameshaukuta uvimbe. Kinga lilikuwa neno la kunituliza mimi. Kama mizizi ile ingemfaa, sijui, na anayewaambia anajua mwulizeni kajuaje. Ninachojua ni kwamba uvimbe ulitaka kuonwa na kukatwa mapema, na nyumba yetu ilimfundisha kuuficha. Baada ya siku ile ya mchi alihamia kitandani kwangu. Tulilala ubavu kwa ubavu mpaka akafa, na hakuniambia hata siku moja kwamba hapa panauma.