Mkoba Mlangoni mwa Bafu

Fundi akikuambia "kesho," hakuambii kesho ipi. Mama mmoja alilijua hilo tangu zamani, maana aliolewa na fundi. Mumewe alikuwa mwashi, na mtaa mzima walimwita Pimamaji, kwa sababu hakukubali tofali likae mpaka alipime kwa pimamaji, kile kifaa chenye kiputo ndani ya maji kinachosema ukweli kuliko jicho. Alijenga nyumba za watu hadi akazeeka. Nyumba yake mwenyewe ilibaki na mlango wa bafu mwembamba, wa kupita kwa ubavu. Mganga hajigangi.

Kisha kiharusi kikampiga, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Kiti cha magurudumu kilipatikana, lakini hakikupita kwenye mlango ule. Ikawa anaogeshwa chumbani, kwa beseni na kitambaa, kama mtoto. Mwanamume aliyezoea kupanda ngazi na mfuko wa saruji begani alifumba macho kila alipovuliwa shati, asimwone mkewe akimwona. Mgongo ulimuuma mama, ila yale macho yaliyofumbwa yalimuuma zaidi.

"Niwekee mkoba wangu pale mlangoni mwa bafu," Pimamaji alikuwa amemwambia alipotoka hospitali. "Nikipata nguvu kidogo, ukuta ule nauvunja mwenyewe."

Akamwekea, mwiko na nyundo ndani, pimamaji imechungulia nje. Angemkataliaje? Lakini nguvu hazikuja, na siku moja akamwambia kwamba atatafuta fundi. "Tafuta," Pimamaji alisema, akageukia ukutani.

Fundi wa kwanza alikuja na bashasha, akapima mlango kwa futi, akatupa jicho chini, akakohoa. "Mama, nitarudi kesho." Hakurudi. Mwingine alikumbuka ghafla kazi ya mtu aliyoiacha katikati. Aliyefuata hata futi hakuitoa mfukoni. Alifika pale mlangoni, akaguna, akaomba radhi.

"Mafundi wa siku hizi!" mama aliwalalamikia majirani. "Simu zao zinalia kama kengele ya shule, na hakuna anayeingia darasani!" Majirani walicheka. Yeye alirudi ndani kuchemsha maji ya beseni.

Mwishowe akamtafuta mwashi mmoja mzee aliyefanya kazi na mumewe miaka mingi, kabla hajahamia mbali. Mzee alikuja bila kusumbua. Akaenda moja kwa moja bafuni, kisha akasimama pale asiguse kitu.

"Shemeji, mkoba huu umeuweka wewe?"

"Mwenyewe aliniambia niuweke. Kwani umekuzibia njia?"

"Umeziba kazi. Mkoba wa fundi ukikaa penye kazi, kazi hiyo ina mwenyewe. Mwingine haigusi hata umbembeleze vipi. Hao waliokuja wamedhani una fundi wako, unataka kumzunguka."

"Sasa mbona hawakusema?"

"Waseme nini? Hayo ni ya mafundi wenyewe, hatuyapeleki kwa mwenye nyumba."

Mama akautazama mkoba. "Na mume wangu anayajua?"

Mzee akainamisha kichwa. "Shemeji, yeye ndiye aliyetufundisha."

Mama aliingia chumbani moto unamtoka. "Kumbe ni wewe! Mgongo wangu unakatika, nawasema watoto wa watu bure, kumbe anayewafukuza amelala hapa!"

Pimamaji alifumba macho.

"Nilidhani nitainuka kabla mafundi hawajaisha," alisema.

Hasira zote zikamwishia. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono usiohisi kitu. Huruma ilimjaa hata akaona beseni si kitu, na mgongo si kitu.

"Basi tuuache pale pale," alisema. "Nitaendelea kukuogesha. Nimekuambia nimechoka?"

Mumewe alitikisa kichwa. "Mpe mwenzangu, na mkoba wote uwe wake. Usiutie stoo, vyuma vitashika kutu. Pimamaji tu unibakishie."

Kesho yake, kesho ya kweli, nyundo ilianza kulia. Pimamaji alisikiliza kitandani. Mwanzoni, koleo likikwaruza mchanganyiko, alipaza sauti, "Mchanga umezidi huo!" na mzee akamjibu, "Ndiyo, mkubwa!" Baadaye akawa anasikiliza tu.

Ukuta ulipokauka, mama alikisukuma kiti hadi bafuni. Kikapita, na nafasi ikabaki. "Simama," Pimamaji alisema. Aliitoa pimamaji mapajani kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye fremu mpya, akakitazama kile kiputo kwa muda mrefu. Mama, Mungu amsamehe, aliomba moyoni kasoro ionekane, hata ndogo, mumewe apate cha kurekebisha.

"Umepinda?" aliuliza.

"Umenyooka," alisema mumewe, akalia kwa sauti mbele ya mkewe, na safari hii hakufumba macho.