Vidole Vyangu Viligoma Sokoni

Sokoni Garissa bei ya ngamia haitamkwi. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa, vidole vinaongea, waliosimama kando hawajui kitu. Mimi nilikuwa dalali. Sikusoma zaidi ya chuo cha Korani. Nilikula kwa vidole hivi.

Kisha vikaanza kugeuka vyeupe kila nikigusa maji baridi. Ngozi ikavutika, ikang'aa, vidole vikakataa kukunjika. Siku moja mnunuzi kutoka Griftu akakivuta kitambaa mbele ya watu wote.

"Mzee, mwanzo mkono umenipa bei hii, sasa unanipa nyingine? Mwizi wewe!"

Nikamwonyesha vidole. Wakacheka. Ndugu yangu mdogo, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, akachukua wateja wangu wote. Huyo sijamsamehe.

Wala yule daktari wa zahanati sijamsamehe. Nilimweleza habari za vidole, nikamweleza na za pumzi, kwamba nikitembea kidogo nahema. Akasema niache sigara. Sijawahi kuvuta! Nikamtajia jirani yangu, mama mmoja mwenye vidole kama vyangu, aliyetumwa Nairobi haraka.

"Ule ni ugonjwa wa wanawake. Wewe unataka kuvaa buibui?"

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. Nikaondoka na dawa ya kikohozi, na kwa aibu sikurudi tena kwa muda mrefu. Mke wangu akachoka na kukohoa kwangu, akaenda kwao Buna.

Nilipofika hospitali kubwa nilikuwa nabebwa. Daktari wa huko akanieleza kwamba mwili unajipiga wenyewe, ngozi inakuwa ngumu, na ndani pia. Wanawake ndio wanaougua wengi, kweli. Lakini ugonjwa huu ukimshika mwanamume, mara nyingi unamshika vibaya zaidi, hasa mapafu, na hakuna anayemchunguza mapema. Mapafu yangu yalikuwa yamekakamaa tayari. Dawa inazuia yasiendelee. Yaliyoharibika hayarudi.

Juzi yule jirani alisimama mlangoni na sahani ya mikate ya anjera. Mikono yake bado migumu, lakini kifua chake kizima.

"Aboowe, ndugu yangu, mbona hukunifuata Nairobi wakati ule?"

"Nikufuate wapi, wodi ya akina mama?"

Akacheka sana. Nami nikacheka, kikohozi kikanishika. Akaweka sahani chini, akasema nipumzike, akaenda zake. Nilitaka kumwambia akae kidogo tuongee. Pumzi ilipopatikana, alikuwa ameshafunga geti.